Kufunga Kadi ya Grafiki ya Maji Bila Kuiloanisha

Kuchomeka kadi ya grafiki kwenye sloti yake ni kazi ya dakika mbili. Kinachokula siku nzima ni maji ya kuipoza: yapite wapi, yajazwe vipi, na utajuaje kwamba hayavuji kabla umeme haujafika kwenye kifaa cha bei ghali kuliko vyote vilivyomo ndani ya kasha. Ndiyo maana hatua zilizo hapa zimepangwa ili umeme uwe wa mwisho kuingia. Ukishika mpangilio huo, hata fitingi (kiungio cha mpira wa maji) ikivuja utapoteza saa chache na tishu kadhaa, lakini kadi itabaki salama.

Ninamlenga mtu anayeunga mzunguko wake mwenyewe: pampu, tangi, rejeta (bamba lenye feni linalotoa joto la maji hewani), mipira na bloku ya kadi (kipande cha metali kinachokaa juu ya chipu, maji yakipita ndani yake), kila kimoja kimenunuliwa kivyake. Kama kadi yako imetoka kiwandani na rejeta yake na maji yake ndani, una kazi ndogo zaidi. Funga rejeta hiyo mahali ambapo ukingo wake wa juu uko juu kuliko kadi, ili hewa iliyobaki ijikusanye huko na isikae kwenye pampu. Usiikunje mipira yake kwa nguvu. Kisha ruka hadi sehemu ya umeme.

Hesabu kabla ya kununua

Chukua kadi mbili za NVIDIA: RTX 4090 imepangiwa kula wati 450, na RTX 5090 wati 575. NVIDIA inapendekeza pawa saplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) ya wati 850 kwa ya kwanza na wati 1000 kwa ya pili. Usishuke chini ya hapo. Kadi hizi huruka juu ya kiwango chake kwa vipindi vifupi sana, na pawa saplai dhaifu huzimika hapohapo, katikati ya kazi.

Wati hizo karibu zote huishia kuwa joto ndani ya maji. Kadirio linalotumika sana ni wati 100 hadi 150 kwa kila milimita 120 za urefu wa rejeta, ukitaka feni zizunguke polepole. Kwa hesabu hiyo RTX 5090 peke yake inataka rejeta ya milimita 480. Ya 360 itaimudu pia, ila feni utazisikia. Prosesa (CPU) nayo ikiwa kwenye mzunguko huohuo, weka rejeta mbili za 360 na usijiulize tena.

Bloku ndiyo watu wanayoikosea zaidi. Jina la chipu halitoshi. Kampuni kadhaa hutengeneza RTX 4090, na kila moja hupanga vijenzi vya umeme kwenye ubao wake inavyotaka: koili huku, kapasita kule, plagi ya umeme pembeni au katikati. Bloku ya toleo moja haikai kwenye toleo jingine hata kidogo. Chukua jina kamili la kadi yako, hadi neno la mwisho lililo kwenye boksi, ulitafute kwenye orodha ya mtengenezaji wa bloku. Kama halimo, hiyo si bloku yako, hata muuzaji akikuapia.

Angalia na metali. Bloku nyingi ni za shaba iliyopakwa nikeli na rejeta nyingi ni za shaba pia. Usiingize kifaa cha alumini kwenye mzunguko huo, kwa sababu metali hizo mbili zikilowa maji yaleyale hutengeneza mkondo mdogo wa umeme kati yao, na alumini ndiyo inayoliwa hadi itoboke.

Mwisho, pima nafasi. Kadi yenye bloku ni nyembamba kuliko ilivyokuwa na feni zake, lakini fitingi na plagi ya umeme zinatokeza upande wa kioo cha kasha. Waya wa umeme unahitaji kutoka moja kwa moja kwa milimita 35 hivi kabla ya kukunjwa. Kama kioo kitausukuma waya huo, badilisha kasha au tafuta namna ya kuiweka kadi wima.

Ijaribu kadi ikiwa bado na feni zake

Hatua hii watu huiruka kwa pupa. Usifungue kadi mpya siku inapotoka dukani. Ichomeke jinsi ilivyo, weka draiva (programu inayoiendesha kadi), cheza michezo mizito au uipe kazi nzito kwa siku mbili tatu. Kadi yenye kasoro ya kiwandani hujionyesha mapema: skrini inakatika, vidoto vya rangi vinatapakaa, kompyuta inajizima. Kasoro hiyo ikionekana kabla hujagusa skrubu, unairudisha bila maswali. Ikionekana baada ya kuvua kipoza chake (chuma na feni zake), utajibu maswali mengi. Soma pia masharti ya waranti, maana kampuni hazifanani: nyingine zinakubali mteja avue kipoza, nyingine zinabandika stika juu ya skrubu na zikikuta imechanika hazikusikilizi.

Andika pembeni joto la kadi ilipokuwa na feni. Utalihitaji kulinganisha baadaye.

Kuvua kipoza na kuweka bloku

Tafuta meza pana yenye mwanga. Unahitaji bisibisi ndogo za nyota za saizi mbili, kitambaa kisichoacha nyuzi, alkoholi ya isopropili, pesti ya joto (inayojaza mwanya kati ya chipu na bloku), na vibakuli vidogo vya kuweka skrubu. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika kadi, ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Zulia si mahali pa kazi hii.

Kadi ikiwa vuguvugu ndivyo inavyofunguka kwa urahisi, kwa sababu pesti iliyopoa hushika kama gundi. Iendeshe dakika chache, zima, chomoa, kisha anza. Toa skrubu za bamba la nyuma, halafu zile nne zenye springi zinazozunguka chipu kuu. Hizo nne zilegeze kidogokidogo kwa kuvuka kona, usitoe moja yote ukaacha tatu zimebana. Kipoza kikigoma, kizungushe taratibu kushoto na kulia. Usichokonoe kwa bisibisi katikati yake na ubao. Kikianza kuachia, usikinyanyue juu kwa mkupuo: kuna nyaya nyembamba za feni na taa zilizochomekwa ubaoni, na vichomeko vyake ni vya plastiki laini inayong'oka.

Safisha chipu kwa alkoholi mpaka ing'ae kama kioo. Zile pedi za zamani, vipande laini vya kupitisha joto, zilizokaa juu ya chipu za kumbukumbu na vidhibiti umeme zitoe zote, hata vipande vilivyokwama kwenye kona.

Kuna kadi moja ambayo nisingeshauri mtu aanzie nayo, nayo ni RTX 5090 Founders Edition ya NVIDIA yenyewe. Chipu yake imepakwa metali kimiminika badala ya pesti ya kawaida. Metali hiyo inapitisha umeme, kwa hiyo tone moja likidondoka juu ya kapasita linatosha kuiua kadi. Kama hujawahi kufungua kadi nyingine, mpe fundi mzoefu, au nunua kadi iliyofungwa bloku tangu kiwandani.

Sasa pedi mpya. Kijitabu cha bloku kina mchoro unaoonyesha wapi inakaa pedi ya milimita 0.5, wapi ya 1.0, wapi ya 1.5. Fuata mchoro huo hata kama unaona mantiki nyingine. Nusu milimita inaonekana si kitu, lakini pedi nene mahali pasipo pake huinua bloku isigusane na chipu kuu, na hapo kadi itachemka huku maji yakiwa baridi. Pedi zina karatasi ya plastiki pande zote mbili. Bandua zote mbili. Karatasi ya upande wa pili haina rangi na ni rahisi kuisahau.

Pesti ipake nyembamba juu ya uso wote wa chipu, kona kwa kona. Kwenye prosesa za kompyuta kuna kifuniko cha chuma kinachosambaza joto, ndiyo maana watu huweka tone moja katikati wakaacha libanwe. Chipu ya kadi iko uchi. Kona isiyopata pesti itapata moto peke yake.

Teremsha bloku ikiwa imenyooka, shika skrubu kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa kuvuka kona, robo mzunguko kila mara, kama unavyokaza nati za gurudumu. Skrubu zikigota, acha. Halafu fanya jambo linalouma kidogo: fungua tena uangalie. Kwenye kila pedi unatakiwa kuona alama ya mstatili, umbo la chipu iliyokandamizwa pale, na pesti iwe imetandazika hadi pembeni. Pedi isiyo na alama haijagusana na kitu. Ukiridhika, futa, paka pesti upya, funga moja kwa moja. Bamba la nyuma nalo lina pedi zake kwenye kadi zenye vipande vinavyopata moto upande huo. RTX 3090, kwa mfano, ina chipu za kumbukumbu pande zote mbili za ubao.

Kuiweka kwenye kasha

Zima pawa saplai, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Ondoa vibamba vya nyuma ya kasha, fungua kishikizo cha sloti ya juu ya PCIe (sloti ndefu ya kadi), sukuma kadi mpaka usikie mlio wa kishikizo kujifunga. Kaza skrubu za pembeni. Bloku ya shaba ni nzito, kwa hiyo weka nguzo ya kuegemeza ncha ya kadi isilegee. Usichomeke waya wowote wa umeme kwenye kadi kwa sasa.

Mipira na fitingi

Fitingi za kompyuta karibu zote zina uzi wa skrubu wa saizi moja, G1/4, kwa hiyo za kampuni moja hukubali bloku ya kampuni nyingine. Kinachotakiwa kulingana ni mpira na fitingi yake: mpira wa 10/16, yaani milimita 10 ndani na 16 nje, unataka fitingi ya 10/16, si ya 10/13. Kama ni mara yako ya kwanza, tumia mpira laini. Mabomba magumu ya akriliki yanapendeza kwenye picha, lakini kila kona unaipasha moto na kuikunja mwenyewe, na siku ya kubadilisha kadi unaanza upya.

Kata mpira kwa wembe au kikatio, mkato ulale sawa kabisa. Hakikisha kila fitingi ina oringi yake (pete ya mpira ya kuziba maji) na oringi haijajikunja. Kaza kwa mkono tu. Spana hukata oringi na kupasua akriliki.

Tangi likae mahali linapoishushia pampu maji kwa uzito wake. Mpangilio uliobaki usikuumize kichwa. Watu hubishana usiku kucha kama maji yatoke kwenye kadi yaende rejeta kwanza au prosesa kwanza, ilhali hesabu ni nyepesi: maji yakipita lita 3 kwa dakika, kadi ya wati 575 huyapandisha chini ya nyuzi 3 za Selsiasi. Chagua njia yenye mipira mifupi. Lakini angalia matundu ya bloku yenyewe, kwa sababu nyingine zina upande maalumu wa kuingilia na ukigeuza zinapoza vibaya.

Weka koki ya kumwagia maji kwenye sehemu ya chini kabisa ya mzunguko. Leo utaiona kama mapambo. Siku ya kubadilisha maji utashukuru.

Jaribu kwa hewa kwanza

Kipimo cha uvujaji ni kipampu cha mkono chenye saa ya presha. Kifunge kwenye tundu mojawapo la juu, ziba mengine yote, pampu hewa hadi karibu bari 0.5, au kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu cha tangi na bloku. Usizidishe, matangi ya akriliki hupasuka. Subiri nusu saa. Mshale ukibaki ulipo, mzunguko umeziba. Ukishuka, tenga mzunguko vipande viwili kwa vizibo, pima kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Mara nyingi ni fitingi iliyoingia upande au kizibo kilichosahaulika. Usipake povu la sabuni kutafuta viputo. Hiyo ni mbinu ya magurudumu, na hapa chini yake kuna kadi.

Kujaza

Kabla ya siku hii rejeta ziwe zimesuuzwa, maana mpya huwa na mabaki ya uchomeleaji ndani. Tumia kulanti (kimiminika cha kupoza) iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, au maji yaliyokenekwa yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu na viini. Maji ya bomba yana chumvi; yaache. Kuhusu rangi nina msimamo: chukua isiyo na rangi, au yenye rangi inayoonyesha upande wa pili. Zile nzito kama maziwa zina chembechembe zinazotuama kwenye mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kuliko milimita moja.

Umeme uende kwenye pampu peke yake. Chomoa plagi kubwa ya pini 24 kwenye ubao mama, chomoa na ya prosesa, kisha chomeka kwenye ile ya pini 24 kiziba kidogo cha kuwashia pawa saplai bila kompyuta. Pampu ichukue umeme wake kwenye plagi ya SATA au Molex inayotoka kwenye pawa saplai. Pampu ya D5, aina inayotumika sana, hula zaidi ya wati 20 ikikimbia, wakati plagi nyingi za feni kwenye ubao mama zimepangiwa ampia 1, yaani wati 12.

Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi na juu ya bamba la nyuma la kadi. Jaza tangi, washa pampu sekunde chache, zima kabla tangi halijakauka, jaza tena, rudia. Pampu hizi hulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Zikizunguka kavu hujiua. Maji yakishazunguka, inamisha kasha mbele, nyuma na pembeni taratibu ili hewa iliyojificha kwenye rejeta itoke. Utasikia mlio wa kububujika ukipungua.

Acha pampu ifanye kazi kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha hadi kesho yake, kisha kagua tishu moja moja. Ukikuta tone, zima, kausha, rekebisha, anza kuhesabu upya. Kadi iliyoloa bila umeme hupona: ipanguse kwa alkoholi, iache siku nzima ikauke.

Umeme

Plagi mpya ya kadi hizi ina pini 16: kubwa 12 za umeme na ndogo 4 za kupeana taarifa. Sita kati ya zile kubwa hubeba volti 12. Wati 575 kwa volti 12 ni karibu ampia 48, yaani ampia 8 kwa kila pini, wakati uwezo wa pini ni kama ampia 9.5. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Pini moja ikigusa vibaya, mzigo wake unahamia kwa wenzake, nao wanapata moto. Mwaka 2022, RTX 4090 ilipotoka, picha za plagi zilizoyeyuka zilisambaa sana, na NVIDIA ikasema tatizo lililojitokeza ni plagi ambazo hazikuingia hadi mwisho. Toleo la plagi lililofuata, 12V-2x6, lilifupisha zile pini ndogo ili kadi isivute umeme mkubwa kama plagi haijazama.

Kwa hiyo sukuma plagi kwa nguvu iliyonyooka mpaka igote. Ichungulie kwa tochi kutoka pembeni: pasionekane mwanya wowote kati ya plagi na kadi. Ivute kidogo uone kama imejishika. Ukitumia adapta ya kuunganisha plagi za zamani za pini 8, kila mguu upate waya wake kutoka kwenye pawa saplai, usigawanye waya mmoja. Na usiazime waya wa pawa saplai nyingine, hata ikiwa ya kampuni hiyohiyo, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufanani na kosa hilo huunguza vifaa papo hapo.

Rudisha plagi ya pini 24 na ya prosesa kwenye ubao mama. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi.

Kuwasha na kupima

Washa, ingia BIOS (menyu ya mipangilio kabla ya mfumo kuwaka), hakikisha pampu inazunguka. Ukifika kwenye mfumo, fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, na uipe kadi kazi nzito kwa dakika 40. Maji hupata moto polepole, hivyo namba za dakika ya tano hazikuambii kitu.

Linganisha joto la chipu na joto la maji, siyo la chumba. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 ni ya kawaida. Ikikaribia 30 huku maji yanapita vizuri, bloku haikukaa sawa: rudi mezani ukaangalie pedi. Maji yenyewe yakipanda kupita nyuzi 45, bloku haina kosa, rejeta ni ndogo au feni zinazunguka polepole mno. Kama mzunguko wako una kihisi cha joto la maji, zifuatishe feni kihisi hicho badala ya joto la chipu, la sivyo zitapanda na kushuka kelele kila ukifungua dirisha la programu.

Unaweza kusikia mlio mwembamba wa koili kutoka kwenye kadi. Ulikuwepo tangu mwanzo, feni ndizo zilizokuwa zikiufunika. Hauna madhara.

Kiwango cha maji kwenye tangi kitashuka siku za mwanzo hewa ikiendelea kutoka. Ongeza, kisha badilisha maji yote kila baada ya mwaka mmoja hivi, au mapema yakibadilika rangi. Kipoza cha zamani kirudishe kwenye boksi la kadi pamoja na skrubu zake ndani ya kifuko kilichoandikwa jina. Siku ya waranti au ya kuiuza kadi, mtu wa kwanza atakayeulizia atataka kukiona hicho.